Baada ya Aya za Funga: Mali ya Umma na Hisabu Yake

Mawaidha ya usiku wa Ramadhani, baada ya Tarawehe, katika ukumbi wa jumuiya, Maskati. Yamenakiliwa kutoka katika sauti na kamati ya mawaidha.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyetufikisha tena katika mwezi huu tukiwa hai na wazima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baad.

Waheshimiwa masheikh wetu, wazee wetu, akina mama mlioko upande wa pili wa pazia, vijana, na ndugu zetu mnaotusikiliza kwa njia ya mtandao kutoka Salala, Dubai, London na kwengineko: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote twawashukuru akina mama kwa futari ya leo. Wapo hapa waliosema kuwa kaimati zile zimewarudisha Unguja bila ya tiketi ya ndege.

Ndugu zetu, mada ya usiku huu ni uwajibikaji wa viongozi katika mali ya umma. Tulipoitangaza, wapo waliotupigia simu kwa upole na wapo waliotupigia kwa ukali, na wote waliuliza jambo moja: Ramadhani na siasa, wapi na wapi? Wakasema kuwa masiku haya ni ya Qur'ani na dua, na habari za mawaziri na wabunge tuwaachie wenye magazeti. Twaiheshimu rai hiyo, kwa sababu inatokana na kuutukuza mwezi. Lakini twawaomba wenye rai hiyo waufungue msahafu, Sura ya Pili, waangalie pamoja nasi.

Aya za funga zinaanzia aya ya 183. Humo mna faradhi yenyewe, mna ruhusa ya mgonjwa na msafiri, mna habari ya kuteremshwa Qur'ani, mna dua, mna mambo ya usiku wa Ramadhani na itikafu. Zinaishia aya ya 187. Na aya ya 188, inayofuata papo hapo, ni katazo la kula mali za watu kwa njia ya batili, na la kuipeleka mali kwa wenye hukumu ili kipatikane kipande cha haki za watu, na hali mwenye kufanya hivyo anajua anachokifanya. Hakuna sura mpya hapo, wala hadithi nyengine iliyoingia kati. Mwenye kuzisoma aya hizi kwa mfululizo haipati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya funga na rushwa.

Na neno lililotumika hapo kwa kuipeleka mali kwa wenye hukumu, wajuzi wa lugha wanatwambia kuwa asili yake ni kuteremsha ndoo kisimani. Mtu anateremsha kidogo ili avute kingi. Tuliweke neno hilo la ndoo na kisima, kwani tutalirudia, na kwa bahati mbaya tutalirudia katika habari inayotuhusu sisi wenyewe tuliomo humu ukumbini.

Tazameni basi hali ya mfungaji. Anayaacha maji yake mwenyewe, aliyoyanunua kwa fedha yake ya halali, tangu Alfajiri mpaka Magharibi, katika joto hili la Maskati. Hakuna anayemwona akiingia jikoni. Hayanywi. Ikiwa mtu anaweza kuizuia nafsi yake na kilicho chake, ataambiwa nini anayeshindwa kuizuia na kisichokuwa chake? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa funga yenye malipo ni ile ya imani na ihtisabu, na neno hilo linatoka katika shina moja na hisabu, na muhasaba, na mhasibu yule anayekaa ofisini na vitabu vyake. Anayefunga anaiwekea nafsi yake daftari. Hapo ndipo mada yetu inapoanzia, na siyo bungeni.

Twendeni Madina. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azdi, anayejulikana kwa jina la Ibn Lutbiyya, kukusanya zaka za Bani Sulaym. (Wazee wetu wa hapa wataona kuwa tumelitaja kabila lao, hatukukusudia ubaya, Mola atusamehe.) Mtu yule aliporudi alizigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume hakunyamaza, wala hakumwita pembeni peke yake. Alipanda mimbari, akamshukuru Mola wake, kisha akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Akawaonya kuwa kila atakayechukua kitu katika mali hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ni ngamia, awe ni ng'ombe, awe ni mbuzi, na mnyama huyo analia.

Imam Bukhari alipoipanga hadithi hii katika kitabu chake aliiweka, miongoni mwa sehemu nyengine, chini ya mlango unaohusu kiongozi kuwafanyia hisabu watumishi wake. Kwa hivyo hatuleti fani ya kigeni tunapozungumza juu ya ukaguzi. Na yapo mambo matatu katika kisa kile ambayo hatupendi kuyapita. Kwanza, Ibn Lutbiyya hakuiba kwa siri; alisema wazi kuwa amezawadiwa, na huenda aliamini hivyo. Pili, kipimo alichokitoa Mtume ni chepesi mno, hata mtoto wa chuoni anakiweza: ungekuwa huna cheo, ungekipata? Nyumba anayojengewa mheshimiwa na mkandarasi wa barabara, safari ya matibabu anayolipiwa na mwenye kampuni, kiwanja cha ufukweni anachouziwa kwa bei ya kutupa, vyote vinapita katika mlango huo mmoja. Na tatu, swali liliulizwa hadharani, kwa kuwa mali yenyewe ilikuwa ya hadhara.

Sayyidna Umar (R.A.) aliendelea na njia hiyo. Wanahistoria wanasimulia kuwa alikuwa akimteua liwali humwandikia mali yake aliyonayo siku ile, na baadaye ikionekana imezidi bila ya sababu inayoeleweka huichukua nusu na kuitia katika Baitul Mali. Alikuwa na mkaguzi wake, sahaba Muhammad bin Maslama, akimtuma mikoani kuwachunguza magavana, na waliochunguzwa walikuwa ni watu wakubwa, wengine wao ni masahaba wenye sifa. Hakuna aliyesema: huyu amepigana vita vya jihadi, mwacheni. Kisa cha mshumaa wa Umar bin Abdulaziz tumekisikia mara nyingi, mpaka baadhi ya wanaokisimulia ndio wanaotumia gari za serikali kupeleka watoto wao harusini. Tukiache kwa leo.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki jambo hili la kuandika mali limo katika sheria. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na Zanzibar ina yake ya 2015. Kiongozi anatakiwa atamke anachokimiliki. Ubaya ni kuwa tamko hilo mwananchi wa kawaida hawezi kulisoma kwa wepesi, na daftari lisilosomwa na mwenye mali limekuwa sawa na daftari lisiloandikwa. Hata hapa tunapoishi, baada ya matukio ya 2011, zilitoka sheria mbili kwa amri za Sultani, moja ya ukaguzi wa fedha na utawala wa dola, na ya pili ya kuhifadhi mali ya umma na kuzuia mgongano wa maslahi. Mnamo 2014 mahakama za hapa zikawahukumu vifungo maofisa na wafanyabiashara katika kesi za rushwa za mikataba. Twayataja haya ili pasiwe na mtu wa kusema kuwa sheikh anawanyooshea kidole watu wa mbali tu.

Sasa tuje kwa Muhammad bin Maslama wa zama zetu, yaani mkaguzi. Katika Jamhuri ya Muungano cheo hicho kinaitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kimewekwa na Katiba yenyewe, ibara ya 143. Kazi yake ni kuangalia kuwa kila shilingi iliyotoka imetoka kwa idhini, na kwa jambo iliyoidhinishiwa. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Machi, humkabidhi Rais ripoti, kisha ripoti hufikishwa Bungeni. Zanzibar nayo ina Mdhibiti wake, na Baraza la Wawakilishi lina kamati yake ya kuchunguza hesabu. Na Mwenyezi Mungu amejaalia kuwa kwa miaka ya 2023, 2024 na 2025 mwisho wa Machi umeangukia ndani ya Ramadhani. Watu wamefunga, na daftari linafunguliwa. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, alipokuwa akipokea ripoti hizo, alieleza hadharani, kwa hasira isiyofichika, habari ya ndege ya mizigo iliyofahamika kuwa ni ya dola milioni 37, na hati ya madai ikaja ya dola milioni 86. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliusikiliza mkutano ule jikoni, huku akichambua mchele. Alitwambia kuwa alilazimika kuuanza upya, maana hakujua tena kokoto zipi amezitoa na zipi amezirudisha.

Tunataka kusita kidogo kwa mtu mmoja aliyekuwa na cheo hicho, Profesa Mussa Assad, kwa sababu kisa chake kinafundisha zaidi kuliko tarakimu. Aliteuliwa mwaka 2014. Ripoti yake ya mwaka wa fedha 2016/17 ndiyo iliyozusha mjadala wa shilingi trilioni 1.5, yaani tofauti baina ya fedha zilizokusanywa na zilizoonekana kutumika. Serikali ilitoa maelezo yake, na wajuzi wa hesabu wakajadiliana. Sisi hatutakaa hapa tuwe wahasibu wa jambo lile. Mwisho wa 2018 alikuwa New York, akahojiwa kwa Kiswahili na redio ya Umoja wa Mataifa. Akaulizwa kwa nini ripoti zinatoka kila mwaka na mambo hayabadiliki. Akajibu kuwa kutochukuliwa hatua ni udhaifu wa Bunge. Neno lenyewe ni hilo, udhaifu.

Januari 2019 Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, alimwita mbele ya kamati ya maadili ya Bunge, akasema kuwa asipokuja kwa hiari ataletwa kwa pingu. Profesa alikwenda, tarehe 21 ya mwezi huo, kwa miguu yake. Aliulizwa, akajibu kuwa neno lile ni la kawaida katika kazi ya ukaguzi. Tarehe 2 Aprili Bunge likaazimia kuwa halitafanya kazi naye. Novemba ya mwaka ule miaka yake mitano ilipotimia, pakateuliwa mwengine. Na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba.

Ndugu zetu, tazameni palipokuwa pazito. Mkaguzi alipoandika juu ya matrilioni, watu walibishana. Alipotumia neno moja juu ya wale waliopewa kazi ya kuzisimamia fedha hizo, ndipo zilipotajwa pingu. Bunge ndilo wakala wa mwananchi katika kuuliza. Wakala akiona haya kuuliza, mkaguzi anaandika kwa ajili ya kabati. Na haya tunasema si ili kumtukuza mtu. Yeye mwenyewe ni binadamu, na hisabu yake iko kwa Mola wake kama hisabu zetu. Bali ni kuonesha kuwa mtu anaweza kusimama peke yake juu ya jambo la kweli, kwa lugha ya adabu, bila ya kutukana na bila ya kukimbia.

Pana neno jengine la Kiswahili ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Mwaka 2008 iliandikwa kuwa wachunguzi wa Uingereza, katika kufuatilia biashara ya rada ambayo kampuni ya BAE iliiuzia Tanzania kwa pauni milioni 28, walikuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya waziri Andrew Chenge huko Jersey. Waziri alipoulizwa, aliziita vijisenti. Alijiuzulu uwaziri Aprili ile, na kwa jambo hilo hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Hilo ni lazima tulisema, kwa kuwa uadilifu haugeuki kwa mtu tusiyempenda. Lakini neno lilibaki. Mpaka leo ukitaka kumchekesha Mtanzania barazani, sema vijisenti.

Kinachotuhusu zaidi ni mwisho wa biashara ile. Kampuni ilikiri mahakamani London, Desemba 2010, kosa la kutoweka sawasawa vitabu vya hesabu, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu vya skuli na madawati. Waliosoma skuli za Tanzania wanaijua hali ya darasa la watoto tisini, na nusu yao wako sakafuni. Basi tujiulize: dawati lile lilikuwa wapi miaka yote kumi? Lilikuwa ndani ya rada. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati rada inanunuliwa alikuwa amekwisha maliza, na alikalia sakafu mpaka mwisho. Fedha imerudi, yeye utoto wake haukurudi. Ndiyo maana katika Sura Ali Imran, aya ya 161, jambo la kukhini katika mali ya wote limetajwa peke yake, na imeelezwa kuwa mtu atakuja na kile alichokikhini. Mwizi wa kuku ana mtu mmoja wa kumwomba radhi. Aliyekula fedha ya skuli atawatafuta wapi watoto elfu tatu ili wamsamehe?

Hapa panakuja hoja ya wale waliotupigia simu kwa ukali. Wamesema, kuwataja viongozi ni kusengenya, na kusengenya kunaharibu funga. Hoja hii ina haki ya kujibiwa. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameyahesabu mambo sita ambayo ndani yake kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kulalamika, kutaka msaada wa kuondosha uovu, na kuwatahadharisha watu. Mali ya umma haina mwenyewe mmoja wa kulalamika, kwa hivyo kila mmoja ana haki ya kulalamika. Wengine wamesoma aya ya 59 ya Suratun Nisaa, ya kuwatii wenye mamlaka. Nasi twaisoma. Tunaomba tu iwe inasomwa pamoja na ya 58 iliyoitangulia, ambayo inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Amana imetangulia utiifu, kwa aya moja.

Lakini wanaoonya wana upande wa haki, na tuukubali. Simu zetu zimejaa sauti na picha zisizo na mwenyewe: waziri fulani amejenga hoteli, mke wa fulani amekamatwa uwanja wa ndege. Tunazipeleka kwa watu mia mbili kabla ya kumaliza kusikiliza. Huo ndio usengenyaji, na mara nyingi ni uzushi. Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari. Na hoja ya mkaguzi siyo hukumu; inawezekana risiti ipo na haikuletwa kwa wakati. Mwenye kutaka kusema, asome. Ripoti hizi zinawekwa kwenye mtandao, na nyengine zimeandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mwananchi wa kawaida. Kurasa tano za ripoti baada ya Alasiri zina faida kuliko sauti hamsini za kundi la familia.

Sasa, ndugu zetu, turudi kwenye kisima.

Baadhi yenu mnajua tunakokwenda, na tumeona nyuso zikiinama. Miaka kadhaa iliyopita, katika Ramadhani kama hii, jumuiya yetu ilikusanya riyali 2,300 za kuchimba kisima katika kijiji kimoja cha Pemba. Walichanga wazee, walichanga madereva wa teksi, na binti mmoja alileta bangili yake ya dhahabu. Fedha zikapelekwa kwa mwanasiasa mmoja wa huko, ambaye tulimwamini kwa kuwa ni mtu wetu: babu zake na babu za baadhi yetu ni wamoja. Baada ya miezi mitatu ilikuja picha ya bomba, na watoto wanacheka, na kibao kimeandikwa jina la jumuiya. Tukaibandika ukutani, pale. Tukapiga takbiri.

Miaka miwili baadaye mzee wetu mmoja alikwenda kuzuru jamaa zake, akapita kijijini kule ili atie udhu kwa maji ya sadaka yetu. Hakukuta kisima. Wanakijiji walimwambia kuwa hawajapata kukiona, na kuwa akina mama wangali wakiteka maji kulekule walikokuwa wakiteka. Picha ilikuwa ya mahali pengine. Kibao kilishikwa kwa muda wa kupigwa picha.

Mzee alirudi akatueleza sisi wa kamati, katika chumba kile cha nyuma. Na sisi tulifanya nini? Tulisema: tusimvunjie mtu heshima yake. Tulisema: uchaguzi uko karibu, maadui zake watafurahi. Tulisema: ni mtu wetu. Tukaiondoa picha ukutani usiku, na hatukuwaambia wenye fedha. Yule binti hakuambiwa. Na mwanasiasa yule alipopita hapa akienda Umra, tulimpokea, tukampikia, tukamfukizia udi, tukamvisha msuri. Hatukumwuliza.

Tumesimama hapa usiku huu, tumeisoma habari ya Ibn Lutbiyya na habari ya Bunge lililomkasirikia mkaguzi wake. Mkaguzi wetu alikuwa ni yule mzee, na Bunge dhaifu lilikuwa ni sisi. Hatukumtishia pingu. Tulimwomba tu anyamaze, naye kwa adabu yake akanyamaza, na akafa na jambo lile moyoni, Mola amrehemu. Suratun Nisaa, aya ya 135, imetutaka tusimame na haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Haikusema isipokuwa wakati wa uchaguzi. Sisi Waswahili wa Maskati tuna ulimi mrefu wa kuwasema viongozi wa vyama tusivyovipenda. Tukifika kwa wa kwetu, tunakumbuka ghafla kuwa kusengenya ni haramu.

Tunawaomba radhi. Radhi hiyo hatuiombi kwa jumla ya jumla. Daftari la michango ya mwaka ule limepatikana, na majina ni 114. Kamati imekubaliana kumfikia kila mmoja, aliye hai au mrithi wake, kumweleza yaliyotokea, na kumrejeshea kiasi chake kutoka katika mifuko ya sisi tuliokuwa katika kamati wakati ule, wala si kutoka katika mfuko wa jumuiya. Anayetaka kusamehe atasamehe, lakini ataelezwa kwanza.

Na barua imeandikwa kwa mwanasiasa yule. Imeandikwa kwa adabu, haina tusi hata moja. Ina maswali mawili: fedha zilipokelewa lini, na zimetumika wapi. Imempa muda mpaka baada ya Sikukuu. Asipojibu, barua ya pili itakwenda kwenye vyombo vinavyohusika, pamoja na hati za benki, na wazee watatu wamekwisha kubali kutoa ushahidi. Kabla ya kuituma tulimwendea shangazi yake mwenye umri mkubwa, anayekaa Seeb, ili asije akazisikia habari hizi kwa watu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama majina ya watia saini yamekwisha jaa, au ipo nafasi ya jina lake.

Barua iko juu ya meza karibu na mlango, pembeni ya daftari la hesabu za mwaka huu na risiti zake zote. Kalamu ipo. Akina mama wataletewa upande wao nakala yao na daftari lao. Anayetaka kutia saini na atie, na anayetaka kuhesabu risiti na azihesabu, chai itawasubiri.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.